Mpishi wa Msafara Amenyamaza

5 Novemba

Nimeoa. Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame vizuri.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, Chato, kwao Nyamizi. Mvua ya kwanza ya vuli ilianza kupiga bati la kanisa pale pale padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa hiyo hata kama alikuwepo hakusikika. Nyamizi akacheka mbele ya altare. Nilisoma hadi kidato cha nne, na mwalimu wa Kiswahili alizoea kusoma insha zangu mbele ya darasa, lakini bado sijapata sentensi inayokitosha kicheko kile. Sasa yuko hapa Geita, kwenye vyumba vyetu viwili nyuma ya soko, anaimba huku anapiga deki, nami naandika kwa sababu furaha imenizidi na sina wa kumgawia.

Zamani ningemgawia Mzee Lutambi.

Lutambi si mtu, au ni mtu nisiyemjua. Kuna mchezo wa kwenye simu unaoitwa Misafara. Kila mchezaji anachagua mhusika wa enzi za zamani na kuishi maisha yake kwa kuandika. Mimi ni Kapteni Lubango, kiongozi wa msafara wa chumvi. Lutambi ni mpishi wangu, mzee kibogoyo asiye na adabu hata chembe. Anaandika yeye, naandika mimi, anaandika yeye. Mmoja akinyamaza, msafara unasimama. Tumetembea pamoja tangu kabla sijamjua Nyamizi. Pembeni ya mchezo kuna ukurasa wa maongezi ya kawaida, na huko nilimwaga moyo wangu wote wakati wa uchumba. Sikutaja majina wala mahali. Nilisema nauza mafriji Mwanza. Yeye hakusema lolote juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu: tusijuane.

Juzi, kwa furaha, niliivunja. Nilimtumia picha yetu ya harusi.

Hajajibu.

9 Novemba

Mvua. Nyamizi kapika sato na ugali wa muhogo. Nimekula mpaka nikaona haya. Lutambi kimya.

14 Novemba

Msafara wetu umesimama kando ya mto uliofurika. Mto wenyewe tuliuandika sisi, na ilikuwa zamu ya mpishi kutafuta kivuko. Kila nikifungua simu nakuta maji yale yale na punda yule yule amesimama na magunia mgongoni. Mwisho wa mwaka wenye mchezo hufuta misafara yote iliyokwama. Miaka ya utani inafutwa kama ubao.

Nilidhani labda amepoteza simu. Lakini alama inaonyesha kwamba picha aliifungua siku ile ile niliyoituma. Aliiona, akanyamaza.

Leo asubuhi Nyamizi alikuwa ananiwekea kola sawa, pumzi yake ikinigusa shingoni, mimi nikijiona mfalme wa Geita nzima. Akauliza polepole, "Ile picha tuliyosimama chini ya maua, umempa nani?"

Nikasema nimewatumia ndugu zangu Kibondo. Ni uongo wangu wa kwanza katika ndoa, mdogo kama punje. Lakini tangu hapo najiuliza: picha zilikuwa nyingi. Kwa nini ameiulizia hiyo tu?

19 Novemba

Siku ya matope. Duka la Bwana Nitin, ninapofanya kazi, linauza pampu na mikanda ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mvua ikijaza mashimo ya dhahabu, wachimbaji wote wanatukimbilia sisi. Mmoja wao ni Marselino, rafiki yangu wa siku nyingi, aliyekuja kutoka Mwakitolyo na tope hadi masikioni.

"Mwangaluka, bwana harusi," akanisalimu kwa Kisukuma. "Umenenepa. Mke anakulisha au anakuvimbisha?"

Siku zote niliamini Lutambi ni mchimbaji, maana shimo la dhahabu alikuwa akiliita duara kama wao, na aliwahi kuandika jinsi nguo za mtu anayetoka chini zinavyonuka. Kwa hiyo nikamuuliza Marselino kama huko kwao kuna anayecheza Misafara. Alicheka mpaka wateja wakageuka. Akataka kujua kama kweli namlilia mpishi ambaye sijawahi kula hata kijiko cha chakula chake. Nikamweleza habari ya picha. Hapo akaacha kucheka.

"Kabla ya picha alikuwa anaandika?"

"Kila siku."

"Basi hakukukimbia wewe. Wewe alishakuzoea. Aliona picha ya watu wawili, na mmoja ndiye mgeni kwake." Akaibeba pampu begani. "Au siye mgeni. Huyo mtu anamjua mkeo, Boaz."

Akaondoka zake akipiga mluzi. Mimi nikampa mteja aliyefuata mkanda usio wake.

20 Novemba

Nyamizi amelala ameweka mikono miwili chini ya shavu, kama mtoto. Haiwezekani mtu anayelala hivyo awe na siri.

23 Novemba

Ana siri.

Simu inaita, anatoka nje. Mvua ikinyesha anasimama chini ya ukingo wa bati, mgongo kwangu, anaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Mimi ni Muha. Kisukuma changu ni cha dukani, salamu na majina ya vipuri. Leo nimelishika neno moja tu, ngosha, yaani mwanamume. Nilipofungua mlango akabadilisha sauti, akasema kwa Kiswahili kwamba mchicha umepanda bei, akakata.

Nikamuuliza nani. Akasema mama. Nikasema mpe salamu. Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kama mtu anayetaka kucheka na kulia na hajui kipi kianze.

Halafu akanibusu. Nilifurahi, na wakati huo huo nilijiuliza kwa nini amenibusu.

27 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimemwandikia Lutambi: "Kama nimekukosea, nitukane kama ulivyozoea." Amesoma. Hakujibu.

1 Desemba

Nyamizi kaenda kanisani, mimi nimejifanya naumwa kichwa ili nisome upya yale yote niliyomwambia Lutambi kwenye ukurasa wa pembeni. Nilimweleza jinsi Nyamizi anavyotembea. Nilimweleza ugomvi wetu wa kwanza na jinsi tulivyopatana. Nilimweleza hata juu ya mama yake, mwalimu mstaafu, kwamba ana macho ya msimamizi wa mtihani, na kwamba akiniona barabarani yuko tayari kuingia kwenye miiba kuliko tukutane.

Hilo la mwisho halikuwa lawama. Kwa kina Nyamizi mama mkwe na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Mshenga alinifundisha yote kabla ya posa: usimpe mkono, usimtaje jina, usipite njia anayopita, usifike kwake bila kutanguliza habari, na ukiwa na neno lako mpe mtu mwingine alifikishe. Mimi nililifanya kichekesho tu. Lutambi alijibu, "Kapteni, mwache mama wa watu na miiba yake."

Lakini kilichonishtua ni maswali ya Lutambi. Huyu kapteni bwana harusi, anakunywa? Ana mkono mwepesi? Akikasirika anafanya nini? Binti wa watu akiugua atamuuguza? Zamani niliyaona maswali ya mtu mzima anayemjali kijana. Leo nimeyasoma kwa macho mengine. Hayo ni maswali ya mtu anayempima mpinzani wake.

4 Desemba

Simu yake ameigeuza uso chini mezani. Yangu pia nimeigeuza. Tumekula tukisifiana mboga.

7 Desemba

Nyamizi ameniambia mama yake hali vizuri, halali, na anataka kwenda kumtazama. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema, "Haumwi. Amepata aibu tu." Nikamuuliza aibu gani. Akasema ni mambo ya wanawake.

Nimempeleka stendi. Nimemnunulia mahindi ya kuchoma, nimeshika mkono wake dirishani mpaka gari lilipoanza kwenda, na moyo wangu ulikuwa unasema, mke wangu mzuri, unakwenda kwa nani?

11 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Jana Bwana Nitin alinituma Chato kupeleka mkanda wa mashine ya kusaga. Nilipoukabidhi kazi ilikuwa imekwisha, na gari la kurudi lilikuwepo. Sikupanda. Nilitembea kuelekea kwa mama mkwe, bila kupiga simu, bila kumtanguliza mtu. Nilijiambia kwamba nikitoa habari watamficha huyo mwanamume. Nikapita njia ya nyuma, katikati ya mahindi, kama mwizi.

Nilipotokeza uani nilimwona mwanamke amekaa barazani, anachambua maharage, simu yake kwenye kigoda. Aliona viatu vyangu kwanza. Alijifunika khanga kichwa kizima, akaruka kutoka barazani, akaingia kwenye mahindi mvua ikinyesha. Maharage yakamwagika. Nilimsikia akivunja mabua, halafu kimya.

Nyamizi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Boaz. Geuka uangalie barabara."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Lutambi."

Alishtuka. Ningeupiga picha ule mshtuko wake ningeuonyesha mbele ya hakimu. Hapo akili ilinitoka. Nilitoa simu yangu, nikasimama pale pale kwenye mvua, nikaandika, "Jitokeze kama wewe ni mwanamume." Nikatuma.

Kwenye kigoda ngoma ikalia. Ile ngoma inayolia ujumbe wa Misafara ukiingia, ambayo kwa miaka imekuwa ikinikatiza usingizi na chakula.

"Simu ya nani hiyo?"

"Ya mama."

"Mama ameipata wapi simu ya Lutambi?"

Nyamizi akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyechelewa sana darasani. "Lutambi hana simu, Boaz. Mama ndiye mwenye simu."

Kutoka kwenye mahindi mtu akakohoa.

Nyamizi aliniambia yote pale pale uani, mimi nimempa mgongo, nikiangalia barabara kama nilivyoamriwa. Baba yake alikuwa mchimbaji Mwakitolyo, na alipofariki, jioni za mama zilikuwa ndefu. Mwalimu mwenzake akamfundisha Misafara. Alichagua kuwa mzee kibogoyo ili wanaume wa mtandaoni wasimsumbue. Akampata kapteni, kijana wa Mwanza mwenye mafriji, akampenda kama mwanafunzi mtundu. Kisha siku moja baada ya harusi ya binti yake akafungua picha, akakuta gauni aliloshona kwa mikono yake.

Alirudi akasoma yote. Yale niliyosema juu ya binti yake. Yale niliyosema juu ya macho yake. Na yale aliyosema yeye, maana kwa miaka alikuwa amemwita mkwe wake pumbavu, mvivu, kichwa cha kambale. Mtu ambaye hatakiwi hata kumpa mkono. Alimwapisha Nyamizi asiniambie, kwa sababu nikijua, tutaishije? Tangu hapo hakula vizuri.

"Na wewe," Nyamizi akasema, "ulidhani ni nini?"

Alizunguka akaja mbele yangu, akanitazama usoni, akakuta jibu limeandikwa huko.

"Ulidhani nina mwanamume. Umekuja kunifumania kwa mama yangu."

"Nyamizi..."

"Nenda. Mama analowa. Umesimama kwenye njia yake, hawezi kutoka."

Nikaondoka bila kuangalia upande wa mahindi.

12 Desemba

Ujumbe wa Nyamizi: "Nitakaa kwa mama mpaka nijue nimeolewa na nani."

13 Desemba

Mvua.

14 Desemba

Mvua. Nimekula mkate mkavu kwenye sahani aliyoipenda.

16 Desemba

Bwana Nitin ameniita ofisini. Alisema nimempa mteja wa Katoro pampu bila mpira wake, na mwingine mpira bila pampu, na kama ni mapenzi niyamalize. Nikamweleza. Nilitegemea acheke, maana yeye ni mtu wa kucheka. Hakucheka. Alivua miwani.

Akanisimulia habari za bibi yake, ambaye walikuwa wakiishi naye Shinyanga, juu ya duka la vitambaa. Kwao mke wa kijana hakumwonyesha uso baba mkwe wala kumsemesha. Lakini nyumba ni moja na chai lazima inyweke.

"Basi bibi akawa anauambia mlango," akasema. "Mlango, mwambie mzee chai tayari. Na mzee naye, Mlango, mwambie huyo mtoto sukari imezidi."

"Hawakugombana?"

"Sana. Ule mlango ulitukanwa kuliko mtu yeyote Shinyanga." Akarudisha miwani. "Mzee alipokufa, bibi alilia ameuegemea. Haya, nenda ukarekebishe ile pampu."

17 Desemba

Nimefanya jambo la kijinga, au la busara kuliko yote niliyowahi kufanya. Nimefungua Misafara. Mto bado umefurika, mpishi bado kimya. Kanuni ya mchezo inasema mimi siwezi kusogea mpaka yeye aandike, lakini hainizuii kuongea. Kwa hiyo sikumsemesha yeye. Nimeandika:

"Ewe punda, kapteni anakusemesha wewe na si mtu mwingine. Kama utaonana na mpishi, mwambie kapteni aliingia kambini kwa njia ya wezi na anajuta. Mwambie kila alilotukana mpishi lilikuwa kweli, hasa la kichwa cha kambale. Mwambie msafara huu haujawahi kuwa na mtu wa maana kumzidi, na kwamba kapteni hatamtazama wala kumwita jina, na yuko tayari kutembea mbele ya punda ili mpishi atembee nyuma, mpaka mwisho wa safari."

Nimetuma. Alama inaonyesha amesoma.

20 Desemba

Hakuna.

21 Desemba

Nimekwenda stendi bila sababu. Nimetazama magari ya Chato yakishusha wake za watu wengine.

23 Desemba

Ngoma imelia nikiwa dukani, nikaangusha boksi la boliti.

Mchezaji mpya ameomba kuingia kwenye msafara wetu. Jina: Punda. Nilibonyeza kukubali kabla sijafikiri. Akaandika:

"Punda ameyasikia maneno ya kapteni kwa mpishi. Ni maneno mazuri. Punda hayabebi. Kapteni amemwomba radhi mpishi, amesahau kwamba kuna mwingine aliyetembea naye akabebeshwa mzigo. Kapteni aseme kwanza, hapa mbele ya msafara wote, alimdhania punda nini, na tangu lini."

Nilijua vidole vile. Niliweza kumwona anavyouma mdomo akiandika.

Bwana Nitin alinitazama, akaenda mwenyewe kaunta.

Nilikaa juu ya maboksi nikaandika. Sikumwandikia kama Lubango. Nilijua mama yake atasoma kila neno, na huo ndio ulikuwa mzigo wenyewe. Niliandika kwamba tangu wiki ya tatu ya ndoa, kwa neno la rafiki, nilianza kuamini kwamba mke wangu ana mwanamume. Kwamba nilihesabu kila simu aliyopokea kuwa ushahidi. Kwamba nilidanganya kuhusu picha, na kuhusu kichwa kuuma. Kwamba nilimshika mkono dirishani stendi na papo hapo nikamshuku. Kwamba wakati wote huo yeye alikuwa amebeba aibu ya mama yake upande mmoja na furaha yangu upande wa pili, bila kuangusha hata kimoja, na mimi nilimwona mwizi. Niliandika kwamba sina la kujitetea. Nampenda, na kumpenda hakukunizuia.

Nikatuma. Mikono ilikuwa na grisi. Simu nzima imechafuka.

24 Desemba

Punda ameandika asubuhi: "Punda amesikia. Punda amelia, lakini hilo ni shauri la punda. Mpishi anasema hana neno na kapteni. Anasema pia njia ya mbele ya nyumba haina miiba wala mahindi, na mtu mwenye adabu huitumia baada ya kupiga simu. Punda anakuja na gari la mchana. Apokelewe na mtu mwenye mwavuli."

Sikuwa na mwavuli. Nimenunua mkubwa kuliko wote sokoni, wa rangi nne. Gari limechelewa, mvua imenilowesha hadi magotini, na aliposhuka hakunikumbatia. Aliuchukua mwavuli mkononi mwangu akaushika yeye. Tukatembea hivyo hadi nyumbani, bega langu moja ndani na moja nje. Sijawahi kulowa kwa raha namna hiyo.

25 Desemba

Kanisani, halafu wali na kuku. Bado ananinunia kidogo, hasa akikumbuka. Nanyamaza akikumbuka.

29 Desemba

Tumevuka mto. Mpishi ndiye aliyepata kivuko: alimwambia punda, punda akaniambia mimi, nami nikatangulia bila kugeuka nyuma. Msafara haufutwi tena.

Jioni hii mvua imepungua. Nyamizi amekaa mlangoni ananyoosha miguu, simu mapajani. Ngoma ikalia kwake. Akasoma, akaziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi. Akaandika kitu, ikalia tena, akacheka zaidi.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Maneno mengine punda hayabebi," akasema, akaigeuza simu uso chini.

Nilisikia kile kidudu cha zamani kikiinua kichwa kifuani. Walikuwa wananisema mimi, bila shaka. Nilitaka sana kujua wananisema nini.

Nikatoka kwenda kuwasha jiko.